Sisali, kwa hiyo Mungu yupo: jedwali la ukweli linaipitisha hoja hii, kosa liko wapi?

#1 Mchokozi wa Hoja

Wakuu, salaam. Kuna hoja ya mistari mitatu inayozunguka kwenye mabishano ya Mungu yupo au hayupo, na wengi huitukana bila kuigusa. Hii hapa:

(1) Kama Mungu hayupo, basi si kweli kwamba nikisali nitajibiwa.
(2) Sisali.
(3) Kwa hiyo Mungu yupo.

Kabla hamjacheka, ipitisheni kwenye jedwali la ukweli, yaani orodha ya kila hali inayoonesha kauli ni kweli au uongo, lile lile mnalowabania wengine humu. Jedwali linasema "kama A basi B" (A ni sharti, B ni tokeo) ni uongo katika hali moja tu: A kweli, B uongo. Hali tatu zilizobaki zote ni kweli. Sasa, mimi sisali, kwa hiyo "nikisali nitajibiwa" ina sharti la uongo, na jedwali linaihesabu kuwa kweli. Ikiwa ni kweli, kukanushwa kwake ni uongo. Huko kukanushwa ndiko tokeo la (1). Kauli (1) ni kweli na tokeo lake ni uongo, basi sharti lake nalo haliwezi kuwa kweli. Sharti lilikuwa "Mungu hayupo".

Kauli (1) hata mkana Mungu anaikubali mchana kweupe. Kauli (2) ni ya mtu na ratiba yake. Nioneshwe neno lenye kosa. "Hoja ya kitoto" si jibu.

#2 Mpita Njia

Kwa hiyo wasiosali ndio wanaothibitisha, sisi tunaosali tunaharibu ushahidi. Naweka kambi hapa.

#3 Fundi Jedwali

Hoja ni halali, yaani hitimisho linafuata kauli zake, na jedwali halina kosa. Kilichoharibika ni (1). Iandike upya bila "kama" uone ulichouziwa. Kwa jedwali, "kama A basi B" ni sawasawa na "si A, au B". Na "si kweli kwamba kama C basi D" ni sawasawa na "C, na si D". Ukiunganisha, kauli (1) inakuwa hivi:

Mungu yupo, au nasali na sijibiwi.

Soma tena. Mkana Mungu asiyesali anaikataa papo hapo, kwa sababu pande zote mbili za "au" kwake ni uongo. Mchokozi kaiuza (1) kwa maana ya mtaani, kisha akaipokea kwa maana ya jedwali. Neno moja limebadilishwa maana katikati ya hoja. Kesi imekwisha.

#4 Binti Mabano

Fundi, haijaanza. Umekiri mwenyewe kwamba (1) ina maana ya mtaani ambayo ni kweli, na maana ya jedwali ambayo ni uongo. Basi jedwali silo maana ya "kama" tunayoitumia tukibishana. Huwezi kumfundisha mtu jedwali kwamba ndiyo maana ya neno, likigoma ukamwambia maana ni nyingine.

Na haligomi hapa tu. Chukua kauli mbili zozote, A na B. Kwa jedwali, moja kati ya "kama A basi B" na "kama B basi A" ni lazima iwe kweli. Kwa hiyo msimu wowote ule: ama kama Simba ni bingwa basi Yanga ni bingwa, ama kama Yanga ni bingwa basi Simba ni bingwa. Nenda kaiseme Kariakoo.

Kukanusha ndiko kubaya zaidi. Nikisema "si kweli kwamba Yanga wakifunga kwanza watashinda", jedwali linanifanya niwe nimesema Yanga watafunga kwanza na hawatashinda. Mimi nimekataa uhusiano tu, sijatabiri mechi.

#5 Kokoto

Mimi nasoma taratibu. Hili jedwali si ndilo alilobuni mwanafalsafa Wittgenstein? Kwa nini tufungwe na mtu mmoja wa karne ya 20?

#6 Kunguru wa Megara

Kokoto, majedwali ya safu na mistari yalichapishwa mwaka 1921 na watu wawili kila mmoja kivyake, Wittgenstein na Emil Post. Ila kanuni iliyomo ndani ni ya kale. Filo wa Megara, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kama miaka 300 kabla ya Kristo, ndiye aliyesema sentensi ya sharti ni kweli isipokuwa inapoanza na kweli ikaishia na uongo. Mwalimu wake Diodoro Krono akamkatalia: ni kweli pale tu ambapo haiwezekani, na haikuwahi kuwezekana, sharti kuwa kweli na tokeo kuwa uongo.

Tofauti yao inaonekana kwenye mfano uliohifadhiwa na Sexto Empiriko: "Kama ni mchana, basi ninazungumza." Ukiisema saa sita ya mchana ukiwa unazungumza, kwa Filo ni kweli. Kwa Diodoro ni uongo, kwa kuwa inawezekana kuwe mchana nawe umenyamaza. Krisipo wa Wastoa, kundi lingine la wanafalsafa wa Ugiriki, akaja na ya tatu, kwamba kinyume cha tokeo kigongane na sharti. Ubishi ulifika mahali mshairi Kalimako akaandika kwamba hata kunguru juu ya mapaa wanalia kuuliza ni sentensi ipi ya sharti iliyo sahihi. Jina langu mmelijua lilikotoka.

#7 Fundi Jedwali

Historia nzuri. Narudi kwa Binti Mabano. Unachanganya uongo na kupotosha. Mwanafalsafa Paul Grice aliliweka wazi kwenye mihadhara yake ya Harvard mwaka 1967. Ukiulizwa "Juma yuko wapi?" nawe unajua yuko dukani, ukajibu "yuko dukani au msikitini", umesema kweli. Ila umepotosha, kwa sababu msikilizaji anachukulia ungejua zaidi ungesema zaidi. "Au" haijabadilika maana. Kilichoongezeka kimetokana na desturi za mazungumzo.

"Kama" ni hivyo hivyo. Anayejua kwamba A ni uongo aseme "A ni uongo". Akisema "kama A basi B", tunadhani ana sababu inayounganisha A na B. Huo uhusiano unaoudai hauko ndani ya neno. Kipimo cha Grice: kinachotokana na mazungumzo kinaweza kufutwa bila kujipinga. "Yuko dukani au msikitini, najua ni wapi ila sikwambii." Hakuna mgongano hapo.

#8 Binti Mabano

Kipimo nakikubali kwa "au". Kwa "kama" kinafeli, kwa sababu tatizo linabaki hata mtu akiwa peke yake chumbani hajafungua kinywa.

Rusha dadu halali ya pande sita. Kauli: "Kama itatua namba shufwa, itakuwa sita." Unaipa uwezekano gani? Kila mtu anasema 1 katika 3, maana shufwa ni 2, 4 na 6. Jedwali linasema kauli ni kweli ikitua witiri (1, 3, 5) au ikitua sita, yaani 4 katika 6. Mara mbili ya jibu la watu. Hapa hakuna msikilizaji wala desturi ya mazungumzo. Ni imani tupu, na inakataa jedwali. Grice anaeleza kwa nini tunanyamaza. Haelezi kwa nini hatuamini.

#9 Nondo Tupu

Hoja ya dadu ndiyo inayotufikisha kwa mwanafalsafa Frank Ramsey, 1929, kwenye tanbihi moja tu: ukitaka kupima "kama A basi B", iongeze A kwa muda kwenye hazina ya unayoyajua, kisha pima B kutokea hapo. Kwa dadu: chukulia ni shufwa, zimebaki tatu, sita ni moja. Jibu 1 katika 3. Ernest Adams kuanzia 1965 akalijengea hesabu kamili: uwezekano wa "kama A basi B" ni uwezekano wa B ukiwa umeshaipokea A.

Sasa chungu yake. Mwaka 1976 Lewis alithibitisha kwamba, ukiacha hali hafifu sana, hakuna kauli yoyote, iwe ya jedwali au ya namna nyingine, ambayo uwezekano wake wa kuwa kweli utalingana na kipimo hicho kila mara. Adams alikwisha kukubali gharama: "kama" haitoi kauli yenye ukweli au uongo. Inaonesha kiwango cha kuamini B chini ya dhana ya A, basi.

Rudi kwenye hoja ya mleta uzi ukiwa na hilo. "Si kweli kwamba nikisali nitajibiwa" inakanusha kitu ambacho hakina ukweli wala uongo. Haina pa kushika. Kitu cha karibu kinachosemeka ni "kama Mungu hayupo, nikisali sitajibiwa". Na hiyo pamoja na "sisali" haikufikishi popote.

#10 Kokoto

Huyu Lewis ni yule aliyeanzisha sharti kali mwaka 1918? Kumbe aliishi sana.

#11 Kunguru wa Megara

Ni wawili, na wote wa Harvard kwa namna yao. Clarence Irving Lewis (1883–1964) ndiye wa sharti kali: "kama A basi B" maana yake haiwezekani A iwe kweli na B uongo. Alianza kuliandikia 1912, kitabu kikatoka 1918. Ni Diodoro aliyevalishwa alama za kisasa, ila Diodoro alipima uwezekano kwa nyakati. David Lewis (1941–2001) ndiye wa 1973 na 1976, wa malimwengu mbadala, yaani hali nyingine ambazo mambo yangeweza kuwa. Ukiona "Lewis" kwenye mada ya sharti, tazama mwaka.

#12 Nondo Tupu

Jaribu lile la C. I. Lewis kwenye hoja hii. "Nikisali nitajibiwa" inakuwa "haiwezekani nisali nisijibiwe". Kutosali leo hakuthibitishi kutowezekana kwa lolote, kwa hiyo hatua ya pili ya Mchokozi inakatika. Safi.

Ila lina ugonjwa wake. Sharti lisilowezekana linazaa kila kitu. Na kwenye mada hii ugonjwa unauma hasa: wanaosema Mungu ni wa lazima kuwapo wanasema pia "Mungu hayupo" ni jambo lisilowezekana. Basi kwao kila sentensi inayoanza "kama Mungu hayupo" ni kweli, pamoja na "kama Mungu hayupo, basi Mungu yupo". Pande mbili zinakaa mezani kubishana juu ya (1), upande mmoja ukiwa umeipata bure.

#13 Sharifu wa Ng'ambo

Assalaam alaykum. Ndugu zangu, mnarukia karne ya 20 kutoka Ugiriki, katikati mmeacha shimo. Ibn Sina (aliyefariki 1037) aligawa sentensi za sharti mafungu mawili. La luzumi, ambamo tokeo limefungamana na sharti kwa sababu fulani: "kama jua limechomoza, basi mchana upo". Na la ittifaqi, ambamo mawili yamekuwa kweli kwa pamoja bila mfungamano. Mfano wa vitabuni ni huu: "kama binadamu ni mwenye kunena, basi punda ni mwenye kulia." Mliosoma mantiki kwa Kiarabu punda huyu mnamjua.

Hoja ya bwana Mchokozi inajibika kwa mgawo huo. Anayekubali (1) anakataa mfungamano wa luzumi kati ya sala na majibu. Kutosali kwake hakuzalishi mfungamano uliokataliwa.

#14 Fundi Jedwali

Wa alaykum salaam, ustaadh. Nakuheshimu, lakini "mfungamano" litabaki neno tupu mpaka utoe kanuni ya kulihesabu. Hisabati tangu mwanamantiki Frege mwaka 1879 imeshikamana na jedwali kwa sababu nzito, na hamjaigusa.

Chukua kauli isiyopingwa na mtu: kwa kila namba n, kama n ni kigawe cha 4, basi n ni shufwa. "Kila" maana yake hakuna inayoachwa. Weka n = 4: sharti kweli, tokeo kweli. Weka n = 2: si kigawe cha 4, ila ni shufwa, yaani sharti uongo, tokeo kweli. Weka n = 3: uongo, uongo. Ukiifanya hata hali moja kati ya hizo tatu iwe uongo, umeiangusha kauli nzima, na kauli nzima ni kweli bila ubishi. Hali tatu hizo zote ni kweli, iliyobaki ni uongo. Hilo ndilo jedwali. Hakulipanga mtu kwa hila, limelazimishwa na "kila".

#15 Mama Vipimo

Nimesoma kimya toka juu. Fundi, bandiko lako la #14 ndilo bora upande wenu, ila lina tundu. Kazi hapo imefanywa na "kila". "Kama" imekuja tu kupunguza uwanja: badala ya namba zote, tazama vigawe vya 4. "Kila kigawe cha 4 ni shufwa" inasema jambo hilo hilo bila sharti lolote.

Kuthibitisha, toa "kila" weka "wengi". "Wanyama wengi, kama ni ndege, huruka." Kwa jedwali, kila mnyama asiye ndege anaifanya "kama ni ndege, huruka" kuwa kweli. Wanyama wengi si ndege. Kwa hiyo kauli ingekuwa kweli hata kama hakuna ndege hata mmoja anayeruka duniani. Upuuzi. Ukiisoma "kama" kuwa ni ya kupunguza uwanja, unapata maana sahihi: kati ya ndege, wengi huruka. David Lewis alilionesha hili mwaka 1975, akitumia maneno kama "mara nyingi" na "kwa kawaida", na mwanaisimu Angelika Kratzer akalisogeza hadi kwenye "lazima" na "huenda". Kwa mtazamo huo hakuna neno "kama" linalounganisha kauli mbili. Kuna kizuizi tu, na mwenye kuzuiwa wakati mwingine hatamkwi.

#16 Mpita Njia

Yaani tumefika #15 ndiyo tunaambiwa neno lenyewe halipo.

#17 Fundi Jedwali

Mama Vipimo, kwenye "kila" njia zote mbili zinatoa jibu moja, kwa hiyo mfano wangu haujafa. Na kwenye (1) ya Mchokozi nioneshe "kila" au "lazima" isiyotamkwa iko wapi. Ukiiweka mwenyewe, umeitunga.

#18 Mama Vipimo

Ni "lazima" ya mbele ya tokeo: "kama Mungu hayupo, si lazima nikisali nijibiwe." Isome kwa sauti. Haina mkunjo.

#19 Kokoto

Naongeza la watu wa saikolojia. Wason, 1968, kadi nne mezani, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili; zinazoonekana ni E, K, 4, 7. Kanuni: kama upande mmoja kuna irabu, upande wa pili kuna namba shufwa. Ufunue zipi ili kuipima? Wengi husema E na 4.

#20 Mama Vipimo

Kadi ni za 1966, Kokoto. Mwaka 1968 ni makala yake ya baadaye. Jibu ni E na 7. Ukifunua 4 ukakuta konsonanti, kanuni haijavunjwa, maana haikusema konsonanti haziruhusiwi kuwa na shufwa. Ukifunua 7 ukakuta irabu, imevunjwa. Kwenye jaribio la herufi na namba, wanaopatia huwa chini ya mmoja katika kumi. Griggs na Cox mwaka 1982 wakabadili maudhui tu: kama mtu anakunywa bia, awe na zaidi ya miaka 19. Kadi ni bia, koka, 22, 16. Karibu robo tatu wakapatia: bia na 16.

Msikimbilie kusema watu hawajui mantiki. Kanuni ya bia ni amri, na amri tunaipima kwa kumtafuta mvunjaji. Ya herufi ni taarifa, na taarifa yenye "kama" watu wengi wanaisoma pande mbili, au wanatafuta mifano inayoiunga mkono. Pengine ni "kama" mbili tofauti.

#21 Binti Mabano

Na kuna "kama" ya tatu ambayo Kiswahili huionesha kwenye kitenzi. Mfano ni wa Adams, 1970, juu ya Oswald, aliyeshtakiwa kumuua Rais Kennedy wa Marekani:

Kama Oswald hakumuua Kennedy, basi mtu mwingine alimuua.
Oswald asingemuua Kennedy, mtu mwingine angemuua.

Ya kwanza anaikubali kila anayejua Kennedy aliuawa. Ya pili anaikubali mwenye nadharia ya njama peke yake. Sharti ni lile lile, tokeo ni lile lile, ukweli tofauti. Ya pili kwa jedwali haifai kabisa: mwenye kusema "asingemuua" huchukulia kwamba alimuua, basi kauli zote za -nge- za namna hiyo zingekuwa kweli papo hapo. "Nisingekunywa chai asubuhi, ningekuwa rais."

Robert Stalnaker (1968) na David Lewis (1973) wanapima hivi: nenda kwenye hali inayofanana zaidi na hii yetu ambamo sharti ni kweli, utazame kama tokeo lipo. Stalnaker anataka maana hiyo moja itumike kwa kauli zote mbili, muktadha ubadilishe hali zinazohesabiwa. Lewis anaiacha -nge- na hali mbadala, na ile ya kwanza anaiachia jedwali pamoja na Grice. Ndiyo, Fundi, Lewis yuko upande wako nusu.

#22 Kokoto

Hapo nauliza la pembeni: -nge- na -ngali-? Tulifundishwa -nge- ni ya linalowezekana bado, -ngali- ni ya lililopita.

#23 Sharifu wa Ng'ambo

Vitabu vya sarufi hugawa hivyo. Kwenye kusema watu wengi huzichanganya, na wengine hutumia -ngeli-. Fungua uzi wake kule jukwaa la lugha, huku utatuzamisha.

#24 Mchokozi wa Hoja

Asanteni kwa mizigo. Sasa nawatoa wote kwenye jedwali. Natupa jedwali, nabaki na kanuni za kuhitimisha peke yake, kama mwanamantiki Gentzen alivyozipanga 1934–35. Kila neno la mantiki lina kanuni ya kuliingiza na ya kulitoa, na maana yake ni hizo kanuni. Kuingiza "kama A basi B": dhani A, fika B, kisha iache ile dhana. Kuitoa: ukiwa nayo pamoja na A, chukua B.

Twende. Sisali. Dhani nasali. Mgongano. Kwenye mgongano chochote hufuata, basi nitajibiwa. Naiacha dhana: nikisali nitajibiwa. Dhani Mungu hayupo. Kwa (1), si kweli kwamba nikisali nitajibiwa. Mgongano. Naiacha dhana: si kweli kwamba Mungu hayupo. Kwa hiyo yupo. Jedwali liko wapi hapo?

#25 Nondo Tupu

Vizuri, sasa hatua zinaonekana moja moja. Kuna mbili za kukatwa, na mkataji anategemea kambi.

Ya mwisho: kutoka "si kweli kwamba hayupo" kwenda "yupo". Wafuasi wa mwanahisabati Brouwer, kwa kanuni alizozipanga Heyting mwaka 1930, hawaruhusu. Kwao kusema kitu kipo ni kuwa na njia ya kukionesha, na kukanusha mara mbili hakukupi njia hiyo. Kwao hoja yako inasimama mlangoni: umezuia kukana, hujathibitisha.

Ya katikati: "kwenye mgongano chochote hufuata". Wanamantiki Anderson na Belnap (kitabu chao cha 1975) wanaikataa. Wanadai dhana unayoiacha iwe imetumika kweli kufikia tokeo. Wewe uliidhani sala, ikagongana na "sisali", kisha majibu yakatoka hewani. Sala haikufanya kazi yoyote kwenye kuyapata majibu. Huyo ndiye mfungamano wa ustaadh #13, Fundi, akiwa na kanuni ya kuhesabika uliyoitaka #14.

#26 Fundi Jedwali

Nakubali kanuni ipo. Bei yake je? Kwao hao hao "A au B; si A; kwa hiyo B" nayo inaanguka. Jaribu kutafuta funguo nyumbani bila hiyo hatua.

Halafu hili la "maana ni kanuni" mwanamantiki Arthur Prior alilichafua mwaka 1960 kwa neno moja la kutunga, tonki. Kanuni ya kuingiza: kutoka A, andika "A tonki B". Kanuni ya kutoa: kutoka "A tonki B", andika B. Ya kwanza imeibwa kwa "au", ya pili kwa "na". Kwa neno hilo kutoka "leo ni Jumatatu" unafika "mwezi ni mraba" kwa hatua mbili. Ikiwa kanuni zinatosha kuzaa maana, tonki ina maana.

#27 Nondo Tupu

Belnap alimjibu 1962: kanuni mpya zisikuwezeshe kuthibitisha jambo lisilo na neno hilo ambalo hapo awali hukuweza kulithibitisha. Tonki inavunja sharti hilo siku ya kwanza. "Na" na "au" hazivunji. Ila kipimo hiki kinategemea ulikuwa na nini kabla, kwa hiyo "si" ya kikale (ile inayoruhusu kutoka "si kweli kwamba hayupo" kwenda "yupo") ikiongezwa juu ya "kama" ya Heyting inavunja pia: kuna kauli zenye "kama" peke yake ambazo hazikuthibitika na sasa zinathibitika. Kila kambi inamwita mwenzake tonki.

#28 Binti Mabano

Na kanuni ya kutoa "kama" mnayoiona salama, mwanafalsafa Vann McGee aliishambulia mwaka 1985. Uchaguzi wa Marekani 1980. Kura za maoni: Reagan mbele sana, Carter wa pili, na Anderson, Mrepublican mwenzake Reagan aliyesimama kama mgombea binafsi, wa tatu kwa mbali. Waliofuata kura hizo walikuwa na sababu ya kuamini:

Kama Mrepublican atashinda, basi kama si Reagan, atakuwa Anderson.
Mrepublican atashinda.

Hitimisho: kama si Reagan, atakuwa Anderson. Hapana. Kama si Reagan, atakuwa Carter, ndiye wa pili. Kauli mbili za kuaminika, kanuni ile ile, hitimisho lisiloaminika.

#29 Mama Vipimo

Hiyo inanisaidia mimi. "Kama" ya kwanza imepunguza uwanja kuwa Warepublican, ya pili ikapunguza ndani yake. Ukiitenga ya pili peke yake, uwanja umerudi kuwa wagombea wote. Kanuni haijavunjika, uwanja umehama.

#30 Fundi Jedwali

Na mimi pia inanisaidia. Kwa jedwali hitimisho "kama si Reagan, atakuwa Anderson" linaaminika kabisa, kwa sababu Reagan atashinda. Tunasita kulisema kwa ajili ya Grice.

#31 Mpita Njia

Mfano mmoja, washindi watatu. Tume itangaze matokeo.

#32 Kunguru wa Megara

Mwanafalsafa Quine aliandika 1970 kwamba anayekana sheria ya mantiki anabadili mada tu. Kwa kipimo chake humu ndani hakuna wanaopingana: Fundi anazungumzia neno moja, Nondo lingine, Mama Vipimo anasema halipo. Sijui kama hilo ni faraja.

Kwa wanaobishana juu ya Mungu na hiari, lipo neno linaloumiza kuliko "kama", nalo ni "lazima" ikikaa pasipo pake. "Lazima, kama Mungu ajua nitafanya, nitafanya. Mungu ajua. Kwa hiyo lazima nitafanya." Lazima ya kwanza inashika sentensi nzima, ya pili inashika tendo. Mwanafalsafa Boethius karne ya 6 alikwisha kuzitenganisha. Dawa yake ya vitendo: andika "lazima" kisha fungua mabano, na uyafunge pale hasa inapoishia. Hoja nyingi za majaaliwa hufia kwenye bano la kufunga.

#33 Sharifu wa Ng'ambo

Mabano yasaidia, ila mwenye hoja atajibu kwamba ujuzi wa Mungu ni wa milele, haubadiliki, basi "Mungu ajua" nayo ni lazima. Hapo lazima inaingia kwenye tendo kwa njia halali. Mabano hayamzuii. Utabidi ubishane naye juu ya kama yaliyopita ni ya lazima kwa maana gani.

#34 Mama Vipimo

Kabla uzi haujafungwa, Fundi, ulisema #7 "au" haina shida. Alf Ross, mwanasheria wa Denmark, 1941: kwa jedwali, A inazaa "A au B". Basi amri "peleka barua posta" inazaa "peleka barua posta au ichome". Niliyemtuma akiichoma, ametii? Na upande wa ruhusa: "unaweza kuchukua chai au kahawa" kila mtu anaisikia ni ruhusa ya kila kimoja, wakati jedwali halitoi zaidi ya ruhusa ya angalau kimoja, bila kusema kipi.

#35 Fundi Jedwali

Kwenye ruhusa Grice anatosha: mwenye kuruhusu akiacha kutaja kipi, tunaelewa vyote. Ifute uone: "unaweza kuchukua chai au kahawa, ila sikumbuki ni kipi." Imefutika. Kwenye amri, amri hazina ukweli wala uongo, kwa hiyo jedwali halikuahidi kitu huko.

#36 Binti Mabano

Amri hazina ukweli wala uongo, na bado utakubali kwamba kutoka "funga mlango na dirisha" inafuata "funga mlango". Imefuata kwa nini, kama jedwali haliko kazini?